Michezo ya kompyuta: umenunua mchezo, lakini nani anashika ufunguo wa seva?

Tarehe 31 mwezi wa tatu mwaka 2024, kampuni ya Kifaransa Ubisoft ilizima seva za The Crew, mchezo wa mbio za magari ulioingia sokoni mwezi wa kumi na mbili mwaka 2014. Siku hiyo mchezo ulikufa kwa kila mtu aliyeununua. Awe alikuwa anashindana na wenzake kupitia intaneti, ao alikuwa anaendesha gari peke yake usiku bila kumsumbua mtu, jibu lilikuwa moja: seva haipo, mchezo haufunguki.

Siku chache baadaye, mwezi wa nne, Mmarekani Ross Scott, anayejulikana kwa video zake juu ya michezo ya kompyuta, alianzisha kampeni ya Stop Killing Games, ni kusema «acheni kuua michezo». Waraka wa raia uliofunguliwa katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 mwezi wa saba mwaka huo ulipewa mwaka mmoja wa kukusanya sahihi milioni 1. Ulivuka kiwango hicho mwanzoni mwa mwezi wa saba mwaka 2025, wiki chache tu mbele ya mwisho. Huko Uingereza, ombi lingine lilipita sahihi 100,000 na likajadiliwa bungeni mwezi wa kumi na moja mwaka 2025.

Kwa kutazama juujuu, huu ni ugomvi mpya kati ya vijana na kampuni moja ya Ufaransa. Lakini The Crew ni tunda la mti uliopandwa zaidi ya miaka kumi na tano iliyopita, wakati kampuni kubwa zilipoanza kuwaondolea wachezaji wa kompyuta haki ya kuwasha seva zao wenyewe. Wakati ule wengi waliona ni malalamiko ya watu wachache wenye kupenda mambo ya ufundi. Leo bili imefika.

Seva ni mashini ya nani?

Mchezo wa watu wengi unahitaji mwamuzi. Mmoja akirusha risasi na mwingine akiruka pembeni wakati huohuo, lazima kompyuta moja iamue kama risasi imemfikia. Kompyuta hiyo ndiyo seva. Katika baadhi ya michezo, kompyuta ya mmoja wa wachezaji inabeba kazi hiyo huku mwenyewe akicheza. Katika mingine, inatumiwa mashini ambayo hakuna anayeichezea, kazi yake ni moja tu: kuendesha mchezo na kuwaunganisha walio ndani. Hiyo ndiyo seva maalum.

Mwaka 1996, kampuni ya Marekani id Software ilipotoa Quake, iliwapa wanunuzi pia uwezo wa kuwasha seva. Kila mwenye kompyuta na laini ya intaneti aliweza kufanya hivyo nyumbani, chuoni ao kazini. Asiyekuwa na laini nzuri alikodi mashini kwa kampuni za kukodisha. Aliyewasha seva alikuwa msimamizi wake: yeye alichagua ramani, idadi ya wachezaji, sheria za nyumba, na mtu wa kufukuzwa kwa matusi ao kwa udanganyifu.

Mchezaji akifungua mchezo wake alikuta orodha ndefu ya seva. Alichagua kama mtu anavyochagua mgahawa: kwa ukaribu, kwa watu aliowazoea, kwa utaratibu wa pale ndani. Akirudi kesho yake aliwakuta watu walewale. Urafiki mwingi ulizaliwa hivyo, pamoja na timu za mashindano.

Hata michezo mipya ilizaliwa humo. Counter-Strike haikutengenezwa kwanza na kampuni kubwa. Ilianza mwaka 1999 kama marekebisho ya mchezo Half-Life, kazi ya Minh Le na Jess Cliffe, ikaenea kwenye seva za wachezaji kabla kampuni ya Valve haijainunua na kuiuza mwaka 2000. Miaka kumi na zaidi baadaye, Brendan Greene wa Ireland alichukua DayZ, ambayo nayo ilikuwa marekebisho ya mchezo wa kijeshi ARMA 2, akaunda humo pambano ambalo anayebaki hai wa mwisho ndiye mshindi. Kutoka hapo ilikuja PUBG mwaka 2017, mchezo ambao toleo lake la simu linajulikana vizuri hata katika miji ya Afrika. Aina ya mchezo inayoingiza mabilioni ya dola leo, karibu yote kwenye seva za kampuni, ilijaribiwa kwanza kwenye seva ambazo mlango wake ulikuwa wazi.

Mwaka 2009: mlango unafungwa

Mwezi wa kumi mwaka 2009, wiki chache mbele ya kutoka kwa Call of Duty: Modern Warfare 2, kampuni ya Infinity Ward ilitangaza kwamba toleo la kompyuta halitakuwa na seva maalum. Mchezaji angebonyeza kitufe, mfumo ungemtafutia wenzake, na kompyuta ya mmoja wao ingekuwa mwenyeji wa pambano. Mchezo uliotangulia, wa mwaka 2007, uliruhusu hadi watu 64 kwenye seva moja ya kompyuta. Huu mpya uliishia kwa watu 18. Mwenyeji akitoka, mchezo ulisimama kwa wote mpaka mwenyeji mwingine apatikane. Na bei ilipanda kutoka dola 50 zilizozoeleka kwa michezo ya kompyuta hadi dola 60.

Hasira ilikuwa kubwa. Waraka wa malalamiko ulipita sahihi 100,000 kabla mchezo haujatoka. Vikundi vya kuususia viliundwa. Kisha tarehe 10 mwezi wa kumi na moja ilifika, na picha moja ikazunguka dunia nzima ya wachezaji: orodha ya wanachama wa kikundi cha kususia kwenye jukwaa la Steam, wengi wao wakionekana wanacheza mchezo uleule walioapa kutougusa. Katika saa 24 za kwanza, ziliuzwa nakala milioni 4.7 katika Marekani na Uingereza peke yake, sehemu kubwa ikiwa ni kwa vyombo vya PlayStation na Xbox.

Mwaka uliofuata, Call of Duty: Black Ops ilirudisha seva maalum kwenye kompyuta, lakini kwa sharti: zilikodiwa kwa kampuni moja tu iliyochaguliwa. Mchezaji hakuruhusiwa kuweka kwenye mashini yake mwenyewe seva ya kushindania pointi. Seva ilikuwa imerudi, ufunguo haukurudi.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Seva maalum hazikutoweka duniani. Michezo mikubwa ya leo karibu yote inaendeshwa kwenye mashini za aina hiyo, nyingi na zenye nguvu kuliko zile za mwaka 1999. Kilichopungua ni seva ambayo mnunuzi anaweza kuiwasha mwenyewe. Mashini zimebadilisha mwenyewe, na aliye mwenyewe ndiye anayeamua siku ya kuzizima.

Kwa nini kampuni zilibadilisha njia

Ni rahisi kusema ni tamaa ya feza tu. Ukweli una pande zaidi ya moja.

Kwanza, orodha ya seva ilimchosha mgeni. Mtu aliyenunua mchezo jioni baada ya kazi alikuta majina mia kadhaa asiyoyajua. Seva nyingine zilidanganya idadi ya wachezaji ili zionekane zimejaa. Nyingine zilikuwa na msimamizi anayemfukuza kila anayemshinda. Kitufe kimoja cha kucheza kiliondoa taabu hiyo yote, na kiliwezesha kumkutanisha mgeni na mgeni mwenzake, si na mtu aliyecheza miaka mitano.

Pili, soko kubwa la michezo ya risasi lilikuwa limehamia kwenye Xbox 360 na PlayStation 3. Huko mchezaji hakuwahi kuzoea kuwasha seva. Kwa kampuni, kujenga mfumo mmoja kwa wote kulikuwa rahisi kuliko kuwatengenezea watu wa kompyuta mlango wao peke yao.

Tatu, wizi. Mchezo unaolazimika kuingia kwenye seva ya kampuni ni mgumu kuunakili bila kulipa. Seva imekuwa mlinzi wa mlangoni.

Nne, na hii ndiyo sababu iliyokua zaidi kuliko zote, biashara yenyewe ilibadilika. Zamani kampuni iliuza mchezo mara moja. Leo inauza pia mavazi ya wahusika, rangi za silaha na mapambo, mwezi baada ya mwezi. Vitu hivyo vina bei kwa sababu havipatikani bure, na ni seva inayosema nani anacho na nani hana. Mwaka 2015, Valve ililazimika kuwaonya wenye seva za Counter-Strike: Global Offensive waliokuwa wanawapa wachezaji bure rangi za silaha zinazouzwa. Ilianza kuzifungia seva zilizokaidi. Kwa biashara ya namna hiyo, seva iliyo mikononi mwa mtu mwingine ni duka lenye mlango wa nyuma usiofungwa.

Si kila mahali palipohitajika kukataza. Katika Team Fortress 2, mchezo mwingine wa Valve, kitufe cha kucheza kilianza kuwapeleka watu kwenye seva za kampuni yenyewe. Seva za wachezaji hazikupigwa marufuku, lakini wageni hawakufika tena kwao, na nyingi zilibaki tupu. Soko linaweza kufa bila kufungwa, ikiwa barabara imepita mahali pengine.

Michezo mitatu, mwisho mitatu

Tofauti inaonekana vizuri zaidi siku kampuni inapochoka na mchezo. Mifano mitatu inatosha.

Wa kwanza ni Unreal Tournament ya mwaka 1999, wa kampuni ya Epic Games. Mwezi wa kwanza mwaka 2023, Epic ilizima huduma yake iliyowaonyesha wachezaji orodha ya seva. Wachezaji walibadilisha mistari michache katika faili ya mpangilio, wakaelekeza mchezo kwenye orodha inayotunzwa na wenzao, wakaendelea. Programu ya seva walikuwa nayo tangu siku ya kununua. Mchezo huo ungali unachezwa, na mwaka 2024 Epic yenyewe iliwapa wapenzi wake ruhusa ya kuusambaza bure.

Wa pili ni Battlefield 2 ya mwaka 2005. Wachezaji waliweza kukodi seva, lakini kila anayeingia alipita kwanza kwenye huduma ya kampuni nyingine iliyoitwa GameSpy. GameSpy ilifunga milango mwaka 2014, na pamoja nayo ukazimika mtandao wa Battlefield 2 na wa michezo mingine mingi. Wapenzi waliufufua kwa kujenga njia yao ya kuingilia. Mwezi wa kumi mwaka 2017, mojawapo ya vikundi hivyo, Revive Network, kiliandikiwa na Electronic Arts, mwenye mchezo, kikaambiwa kiache kugawa nakala zake. Kikafunga. Mwili wa mchezo ulikuwa mzima, ila sheria ilisimama mlangoni.

Wa tatu ni The Crew. Humo hapakuwa na programu ya seva mikononi mwa mnunuzi hata mmoja. Ramani, magari na maendeleo ya mchezaji, vyote vilingojea jibu kutoka kwa mashini za Ubisoft. Mashini zilipozimwa, diski iliyobaki kabatini haikuwa na kazi. Ilichukua wapenzi wake karibu mwaka mmoja na nusu kuandika upya seva kwa kukisia namna ile ya zamani ilivyofanya kazi. Walifaulu mwezi wa tisa mwaka 2025, bila msaada wa kampuni.

Katika mfano wa kwanza mchezo uliendelea kwa sababu wachezaji walikuwa na ufunguo. Katika wa pili walikuwa na nusu yake. Katika wa tatu hawakuwa nao kabisa. Hakuna kati ya hayo yaliyotokea kwa bahati. Yote yaliamuliwa mapema, siku mchezo ulipokuwa unajengwa.

Kununua ao kukodi?

Kesi ya The Crew imeleta swali ambalo wengi hawakujiuliza walipokuwa wanalipa: wamenunua nini? Wachezaji wawili wa California walipeleka Ubisoft mahakamani mwezi wa kumi na moja mwaka 2024. Kampuni ilijitetea kwamba wateja walipata leseni ya kutumia mchezo, si umiliki usio na mipaka. Kwa lugha ya kila siku: hukununua nyumba, ulilipa kodi, na mwenye nyumba amesema uhame.

Tatizo ni kwamba mpangaji wa nyumba anajua tarehe ya mwisho wa mkataba. Aliyelipia mchezo hajui. Kwenye duka ameona neno «nunua», ameona bei, hakuona tarehe. Jimbo la California limejaribu kurekebisha hilo: sheria iliyosainiwa mwaka 2024 na kuanza kufanya kazi tarehe 1 mwezi wa kwanza mwaka 2025 inawalazimisha wanaouza vitu vya kidijitali kusema wazi kwamba mteja anapata leseni tu, wanapotumia neno «nunua». Sheria hiyo inaondoa uongo, lakini hairudishi mchezo. Mteja sasa anajua kwamba kitu chake kinaweza kuzimwa, basi.

Wakati mwingine kampuni inarudisha feza. Sony ilitoa Concord tarehe 23 mwezi wa nane mwaka 2024 kwa dola 40, ikauondoa tarehe 6 mwezi wa tisa, wiki mbili tu baadaye, na kuwalipa walionunua. Lakini hiyo ilikuwa aibu ya siku chache. Kwa michezo iliyodumu miaka, hali ni nyingine. Anthem ya Electronic Arts, iliyotoka mwaka 2019, ilizimwa tarehe 12 mwezi wa kwanza mwaka 2026. Huo pia haukuwa na njia ya kucheza bila seva za kampuni, hata kwa mtu mmoja.

Kampuni zajitetea

Chama cha kampuni za michezo barani Ulaya, Video Games Europe, kilijibu kampeni mwezi wa saba mwaka 2025. Hoja zake si za kutupwa. Kinasema kampuni lazima iwe na haki ya kufunga huduma isiyoingiza tena faida. Kinaongeza kwamba kwenye seva za watu binafsi hakuna ulinzi wa data za wachezaji wala wa kuondoa maudhui machafu, na kwamba lawama ingeweza kumrudia mwenye mchezo.

Kuna pia ugumu wa ufundi. Seva ya Quake ilikuwa programu moja ndogo. Mchezo wa leo unaweza kutegemea mafungu mengi ya programu: moja ya kuingilia, nyingine ya kupanga wachezaji, nyingine ya kutunza vitu vilivyonunuliwa, nyingine ya kukamata wadanganyifu. Mara nyingi zinakaa kwenye mashini za kukodi za kampuni kama Amazon, na baadhi ya programu zenyewe ni za watu wengine, wasioruhusu zigawiwe. Kuvunja mtambo kama huo ili uwe faili moja ya kumpa mteja ni kazi, na kazi inalipiwa.

Serikali ya Uingereza ilionekana kuwasikiliza. Katika jibu lake kwa ombi la raia, ilisema sheria ya nchi hailazimishi kampuni kuendelea kuhudumia michezo ya zamani na kwamba haina mpango wa kubadilisha sheria, ila kampuni lazima zimpe mteja habari zilizo wazi.

Hata hivyo wenye kampeni hawaombi seva ziendeshwe milele, wala hawaombi kampuni itoe haki zake za uandishi. Wanaomba jambo moja: kampuni inapoondoka, iache mchezo katika hali ya kuchezeka. Tena ugumu wa ufundi ni mkubwa hasa kwa mchezo uliokwisha kujengwa. Anayeanza leo kujenga, akijua kwamba sheria itamdai mlango wa kutokea, ataujenga tangu msingi. Nyumba isiyo na mlango wa dharura ni ghali kuitoboa, lakini fundi aliyeambiwa mapema haoni gharama kubwa.

Kwamba inawezekana, imeshaonyeshwa. Velan Studios ya Marekani ilipofunga seva za Knockout City mwezi wa sita mwaka 2023, miaka miwili tu baada ya kuutoa, iliweka toleo la bure la kompyuta ambalo kila mtu anaweza kuliendesha kwenye seva yake. Minecraft, mmoja wa michezo iliyouzwa zaidi duniani, inatoa bure programu ya seva ya toleo lake la Java, na haijafilisika kwa ajili hiyo. Hata Ubisoft, baada ya kelele, iliahidi mwezi wa tisa mwaka 2024 kuiwekea The Crew 2 njia ya kucheza bila intaneti. Njia hiyo ilitoka mwaka mmoja baadaye. Kilichosemwa kuwa kigumu kilifanyika mara kampuni ilipoona faida ya kukifanya.

Umbali nao una bei yake

Mpaka sasa mjadala huu unaendeshwa na watu wa Ulaya na Marekani, wanaokaa karibu na mashini za kampuni. Kwa wanaokaa mbali, kupotea kwa seva za wachezaji kuna uzito mwingine ambao hautajwi sana.

Habari ndani ya nyuzi za kioo zinasafiri kwa karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Ni mwendo mkubwa, lakini una mpaka. Kutoka Goma hadi Frankfurt ni karibu kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi tu kunakula sekunde 0.06, na nyaya hazifuati mstari ulionyooka: zinazunguka kwa nchi jirani, zinashuka hadi pwani, zinapita baharini. Katika mchezo wa risasi, ucheleweshaji huo unatosha kufanya mtu apigwe kabla hajaona adui. Kampuni inapokuwa ndiyo pekee yenye haki ya kuweka seva, inaiweka palipo na wateja wengi wanaolipa. Valve ina mashini Johannesburg, na kwa mchezaji wa Kivu huo ndio ujirani, ingawa ni umbali wa kilomita zaidi ya 2,700.

Seva ambayo mnunuzi anaweza kuiwasha mwenyewe inaondoa ubishi huo. Inaweza kuwekwa Bukavu, Lubumbashi ao Bunia. Inaweza hata kukaa ndani ya chumba kimoja, kompyuta zikiunganishwa kwa nyaya, bila mtu kununua mega hata moja. Raia wa Kongo wanakumbuka intaneti ilipokatwa nchini tangu tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili mwaka 2018, baada ya uchaguzi, kwa karibu wiki tatu. Katika siku kama zile, Counter-Strike ya zamani kati ya kompyuta nne za chumba kimoja inaendelea kama kawaida. Mchezo unaodai kwanza ruhusa ya mashini iliyoko ng'ambo ya bahari haufunguki, hata kama umelipiwa kikamilifu.

Kinachongojewa

Kwa taratibu za Umoja wa Ulaya, waraka wa raia uliopita sahihi milioni 1 na kuthibitishwa na nchi wanachama unafikishwa mbele ya Tume ya Ulaya, ambayo ina miezi sita ya kutoa jibu. Hailazimiki kutunga sheria. Inaweza kusema sheria za sasa za kulinda wateja zinatosha, inaweza kudai tu maandishi yaliyo wazi wakati wa kuuza kama California, ao inaweza kupendekeza kwamba anayeuza mchezo apange tangu mwanzo namna ya kuuacha.

Tofauti kati ya njia hizo ni kubwa. Maandishi yaliyo wazi yatawasaidia wanaonunua kesho kujua hatari. Sharti la kuacha mchezo unaochezeka lingebadilisha namna michezo inavyojengwa, na kwa kuwa kampuni hazitengenezi mchezo mmoja wa Ulaya na mwingine wa dunia nyingine, faida yake ingefika mbali kuliko mipaka ya Ulaya.

Vyovyote jibu litakavyokuwa, historia ya mwaka 2009 inabaki na fundisho moja. Wachezaji walisaini, wakakasirika, kisha wakalipa, na kampuni zilihesabu malipo, si sahihi. Safari hii sahihi zimepelekwa kwa mtunga sheria badala ya muuzaji. Nguvu hiyo wachezaji wa wakati ule hawakuwa nayo. Lakini hata sheria nzuri haitarudisha michezo iliyokwisha kuzimwa. Kwa ile inayouzwa leo, mnunuzi anaweza kuuliza swali moja kabla ya kutoa feza yake: siku kampuni itakapochoka, seva itawashwa na nani?